Maswali na Majibu: CRE (Elimu ya Dini ya Kikristo), insha na masomo yanayodharauliwa

Sisi ni Wasabato, na binti yetu amepangiwa Gredi ya 10 katika shule ya Kikatoliki. CRE haitamgeuza dini? – Mzazi, Kakamega

Haitamgeuza. Silabasi ya CRE hutayarishwa na KICD, taasisi ya serikali inayotunga mitaala, na ni ileile inayofundishwa shule ya Kianglikana au isiyo na mfadhili wa dini. Isitoshe, katika sekondari ya juu, inayoanzia Gredi ya 10, CRE ni somo la kuchagua. Misa na katekesi ni kazi ya padre wa shule, hazimo darasani. Ibara ya 32 ya Katiba inakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili kazi ya kukuza mambo ya kiroho huku akilinda imani za wengine. Kitakachowasumbua ni Jumamosi, kwa sababu ya vipindi vya ziada na mitihani ya ndani. Hilo mlizungumze na mwalimu mkuu siku ya kuripoti, msingoje mtoto aitwe mkaidi.

Insha zangu zimejaa methali na msamiati mzito, lakini sivuki 8 kwa 20. Mwalimu ananionea? – Kidato cha 3, Mumias

Hakuonei hata kidogo. Insha za namna hiyo nimezisahihisha hadi nazijua kabla sijazifungua: jua limechomoza, ndege wanaimba, mhusika anaamka ghafla bin vuu, anaoga, anastaftahi. Ukurasa umekwisha na hakuna lililotokea! Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, inataka insha mbili, kila moja alama 20 na maneno yasiyopungua 400. Nafasi ya kuamkua ndege huna.

Tuseme umepewa "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Anzia hapa: "Mama Nekesa alihesabu noti za mia tano mbele ya karani wa mahakama, mara ya pili, kana kwamba zingeongezeka. Nyuma yake pingu zililia." Msomaji atataka kujua pingu ni za nani. Sasa rudi nyuma, mtoto alipoiba kuku wa shangaziye na mama akacheka, akasema bado ni mdogo. Huko kucheka ndiko kuchelea, na noti ndizo kilio. Pande zote mbili za methali lazima zionekane. Ukishughulikia mmoja tu, hufiki mbali hata Kiswahili chako kiwe cha Lamu. Methali nyingine moja au mbili zatosha, tena mhusika azitamke kwa kinywa chake.

Historia ni kukariri tu. Nitaipitaje? – Mwanafunzi, Webuye

Unakaa chini ya mlima wa Chetambe halafu unaniambia hivyo! Mwaka wa 1895 Wabukusu walipigana na Waingereza hapo juu, wakati Nabongo (mfalme) Mumia wa Wanga, jirani yao, alikuwa ameshikana mkono na Waingereza haohao. Kwa nini majirani wakachagua njia mbili? Mumia alikuwa na mahasimu wake, akaona mgeni mwenye bunduki atamwongezea nguvu. Wabukusu waliona uhuru wao unaondoka. Kila tukio lifunge kwa "kwa sababu" na hoja zitashika zenyewe. Wazee wakikusimulia, sikiliza vizuri, ila kwenye mtihani usilete lisilo kitabuni.

Baba watoto anasema mkondo wa Sayansi za Jamii katika sekondari ya juu ni wa walioshindwa na hesabu. – Mama wa Gredi ya 9, Kisumu

Mwambie hesabu hazikimbiliki: Hisabati imo katika masomo ya lazima, sambamba na Kiingereza na Kiswahili. Mkumbushe pia Tom Mboya, yule mwanasiasa na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliyepita St. Mary's Yala, akaishi kwa ulimi na kalamu. Mkondo huu unaelekea kwenye sheria, ualimu, uandishi wa habari na ukalimani. Lakini mama, nikuulize: kijana hushika kitabu bila kusukumwa? Kazi ya huku ni kusoma kurasa nyingi na kuandika nyingi zaidi. Kama anaukimbilia mkondo huu ili apumzike, baba ana hoja.

Kifaransa au Kijerumani? – Gredi ya 9, Nakuru

Chenye mwalimu. Piga simu shuleni kabla ya kujaza chaguo lako, uulize kama yupo na kama ameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, au na bodi ya shule. Wa bodi anaweza kupata ajira kwingine muhula wa pili, nawe ubaki na daftari.