Kolembola wamekufa hata kwenye udongo safi

SWALI: Habari mtaalamu. Nimechota udongo wa shamba lililo jirani na karasha (mashine ya kusaga mawe ya dhahabu) huku Misungwi, na mchanga wa ufukweni wa kulinganishia. Kila kopo nimeweka kolembola (vijidudu vidogo vya udongoni) kumi niliowaokota chini ya migomba. Siku ya tano wamekufa wote, kote kuwili. Ni zebaki ya kukamatia dhahabu?

JIBU: Bado hujui, ndugu. Kopo la kulinganishia likiua, jaribio limeharibika lote.

Mshukiwa wa kwanza ni mchanga wenyewe: hauna mboji na hukauka upesi. Tafuta udongo unaofanana na ule wa shambani, ila uwe wa mbali na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu. Uloweshe hadi 40–60% ya maji unayoweza kushika. Ubaki chembechembe, usiwe uji. Pima uzito wa kopo kila wiki na urudishe maji yaliyopungua.

Joto nalo: kipimo hufanyika kwa nyuzi 20, zaidi au pungufu 2, na chumba cha bati Mwanza mchana huzipita. Boksi la samaki lenye chupa za barafu husaidia, mradi kipimajoto kikae ndani, maana barafu ikiyeyuka usiku joto hupanda.

Wa migombani ni mchanganyiko wa aina na umri. Maabara hutumia aina moja ya kolembola, Folsomia candida, mweupe, asiye na macho, jike anayezaa bila dume. Wafuge juu ya plasta ya jasi iliyochanganywa na unga wa mkaa, 8 kwa 1. Waache watage siku mbili, kisha waondoe wakubwa. Watoto wakifika siku 10 hadi 12 tangu kuanguliwa, weka kumi katika gramu 30 za udongo mbichi usioshindiliwa, makopo manne au zaidi kwa kila udongo. Chakula chao, hamira kavu, ni miligramu 2 hadi 10 tu, mwanzoni na siku ya 14. Ukizidisha, ukungu unatawala.

Siku ya 28 mimina maji, tia matone ya wino mweusi, koroga taratibu. Wataelea, vitone vyeupe juu ya weusi. Piga picha uhesabu. Udongo safi lazima ubakize angalau 80% ya wakubwa na kutoa watoto 100 au zaidi kwa kopo. Watoto ndio wa kutazama zaidi: sumu nyingi hukata uzazi kabla ya kuua mkubwa.

Pima pia pH (kiwango cha asidi) ya udongo wote. Marudio yenye madini ya salfa huleta asidi, nayo peke yake hupunguza watoto, ukaja kuisingizia zebaki.