Doa moja kwenye TLC halithibitishi usafi

Swali: Nimepitisha ekstrakti ya magome kwenye safu ya silika (mrija wenye unga wa kutenganisha kampaundi) kwa heksani na ethili asetati (8:2), nikapata fuwele nyeupe mfano wa sindano. Kwenye TLC (kromatografia ya tabaka jembamba, inayotenganisha kampaundi kwenye pleti) ni doa moja. Zinayeyuka kati ya 134 na 139 °C, na kipimo cha Liebermann–Burchard, cha kutambua steroli kwa rangi, kimetoa kijani. Nimeambiwa ni beta-sitosteroli safi (steroli ya mimea, jamii moja na kolesteroli). Niandike hivyo kwenye tasnifu?

Jibu: Usiandike. Kwa maelezo hayo, unachoshika huenda ni beta-sitosteroli iliyochanganyika na steroli nyingine, stigmasteroli. Mimea mingi inazo zote mbili, na kinachozitofautisha ni bondi mbili moja tu, kati ya kaboni ya 22 na ya 23. Silika ya kawaida haiioni tofauti hiyo, kwa hiyo hupanda pamoja na kutoa doa moja. Hata fuwele huziunda pamoja, ndiyo maana kuyeyusha na kufuwelisha upya mara tatu hakukusaidii. Kijani cha Liebermann–Burchard kinataja jamii ya kampaundi, hakisemi ziko ngapi.

Na hilo doa uliliona kwa njia gani? Steroli hizi hazifyonzi mwanga wa nm 254. Kama ulitumia taa ya UV peke yake na ukaona doa jeusi, ulichokiona ni kitu kingine. Nyunyiza vanilini na asidi ya salfuriki, pasha pleti hadi 110 °C, kisha rudia kwa viyeyusho vya aina tatu tofauti. Pleti moja ipakie sampuli nyingi makusudi, ili uchafu kidogo ujitokeze.

Kiwango cha kuyeyuka nacho kipime upya: sampuli ya kimo cha mm 2 hadi 3 ndani ya kapilari (mrija mwembamba wa kioo), na ukikaribia 120 °C joto lipande digrii 1 kwa dakika. Ukiharakisha, kipimajoto na sampuli haviendi sawa. Upana wa digrii 5 ni dalili ya mchanganyiko.

Jibu la kweli liko kwenye NMR ya protoni (spektra inayoonyesha hidrojeni za kampaundi), sampuli ikiwa ndani ya kiyeyusho cha CDCl₃. Weka eneo la kilele cha 3.52 ppm, kinachotoka kwa steroli zote, kuwa 1, kisha soma kilele cha 5.15, cha stigmasteroli. Kikitoa 0.3, takriban asilimia 30 ya steroli zako ni stigmasteroli. Kampesteroli, steroli nyingine ya mimea, haitaonekana hapo. Hiyo itafute kwa kromatografia ya gesi.

Kinachoudhi ni wanaouza vyeti vya “usafi 99%” kutoka HPLC (kromatografia ya kimiminika) yenye kitambuzi cha UV. Hiyo ni asilimia ya vinavyofyonza mwanga tu. Sukari, chumvi, mabaki ya kiyeyusho na vumbi la silika havihesabiwi. Wengine hata hutangaza “kampaundi mpya ya mti wa dawa” kumbe ni ftalati (kilainishi cha plastiki) iliyotoka kwenye dumu la plastiki: vilele vya 7.7, 7.5 na 4.2 ppm kwenye NMR, na m/z (masi kwa chaji) 149 kwenye spektra ya masi. Kabla ya kutangaza lolote, kausha kwenye rotavapa (mashine ya kuvukiza kiyeyusho) kiasi kilekile cha kiyeyusho kitupu kutoka dumu lilelile, mabaki uyapime kama sampuli.