Maswali ya Wasomaji: Riwaya ya Majini Isiyopewa Haki Yake

Swali: Nilisoma Kusadikika shuleni. Sasa natafuta riwaya nyingine ya maajabu iliyotungwa kwa Kiswahili. Nianzie wapi?

Jibu: Baki kwa mtunzi huyohuyo. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ilichapishwa mwaka 1952, lakini imeishi kivulini mwa Kusadikika. Mfalme Rai anamtuma Ikibali kwa Adili, liwali wa Janibu, na usiku mgeni huyo anamwona mwenyeji wake akiwachapa viboko manyani wawili. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu.

Swali: Nimeambiwa kuwa hicho ni kisa cha Alfu Lela Ulela kilichobadilishwa majina tu. Ni kweli?

Jibu: Chanzo ni hicho, lakini neno "tu" silikubali. Katika kisa cha Kiarabu, khalifa Harun al-Rashid ndiye anayetuma mjumbe kwa Abdallah bin Fadhili, liwali wa Basra, na ndugu waliogeuzwa ni mbwa. Shaaban Robert aliiacha Basra akabuni nchi isiyo kwenye ramani, kisha akachagua manyani, ambao sura na viganja vyao vinamkaribia mno binadamu, hata mjeledi unaposhuka msomaji hawezi kujisingizia kwamba anayepigwa ni mnyama. Watunzi wa tenzi wa pwani, tangu enzi za Utendi wa Tambuka, walichota visa Uarabuni wakavifanya vyao, wala hatuwaiti wezi.

Swali: Mtu akiitwa Hasidi, si mwisho wake umekwisha kujulikana?

Jibu: Tabia yake inajulikana, na nakiri kwamba mawaidha nayo ni mengi kuliko ninavyopenda. Hata hivyo, majina hayakuandai kwa mji ambao watu wake wamegeuka mawe, wala kwa Mwelekevu, binti aliyesalia humo peke yake akiwa hai. Zaidi ya yote, jina la Adili halilitatui fumbo lake mwenyewe: mtu mwadilifu anawachapa nduguze kila usiku kwa amri ya jini Huria, aliyewahi kumwokoa, huku moyo wake ukiwaonea huruma. Kwa ajili ya fumbo hilo ndipo ninapokipendekeza kitabu hiki.

Swali: Mwanangu ana miaka 10. Atakiweza?

Jibu: Atakiweza mkisoma pamoja, kamusi ikiwa karibu, kwa kuwa ni kitabu chembamba. Sehemu ya viboko msomee mchana.