Ukisikia utabiri wa mvua, tazama kwanza mlima wako uko upande gani

Vuli yangu ya kwanza Same, mkoani Kilimanjaro, nililima ekari mbili za mahindi kwa kutegemea sentensi moja ya redioni. Mtangazaji alisoma kwamba nyanda za juu kaskazini mashariki, yaani mikoa ya Kilimanjaro, Arusha na Manyara, zinatarajiwa kupata mvua za wastani hadi juu ya wastani. Siku ileile nikamtafuta mtu wa trekta. Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Kwa miaka mingi nimechora ubaoni mlima mmoja na mishale ya upepo, mvua upande huu na ukame upande ule. Shamba langu lilikuwa upande ule wa mchoro, nami sikuliona.

Mahindi yalifika magotini, kisha majani yakaanza kujikunja. Kila alasiri wingu zito lilitanda juu ya Shengena, kilele cha Milima ya Upare Kusini, na mvua ikawa inanyesha huko, wakati kwangu kulikuwa na upepo mkavu na vumbi. Mzee jirani yangu alinikuta nimesimama shambani natazama juu. Akaniambia, "Mwalimu, hilo wingu si letu. Wewe ngoja korongo." Nilimwitikia kwa heshima, lakini maana yake sikuipata hadi mwaka uliofuata.

Utabiri ule haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, kwamba niliusikiliza kama habari ya anga peke yake. Anga ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni ardhi iliyo chini yake, na hiyo hakuna mtangazaji anayeweza kukusomea kwa kila kijiji.

Tazama Milima ya Upare Kusini kwenye ramani. Imelala kama ukuta kutoka kaskazini kwenda kusini. Pepo zetu kubwa mbili, kaskazi na kusi, zote hutokea upande wa Bahari ya Hindi, moja kaskazini mashariki na nyingine kusini mashariki. Zikikutana na ukuta huo hulazimika kupanda. Hewa inayopanda hupoa, na ikipoa haiwezi tena kubeba mvuke wote iliokuja nao, kwa hiyo huutua hukohuko mlimani. Ikishuka upande wa magharibi imekwisha kupungukiwa na unyevu, tena kila inaposhuka inapata joto na kuzidi kuwa kavu. Same mjini iko huko magharibi, na Makanya na Hedaru vilevile. Mabaharia wa pwani wana maneno mazuri kwa jambo hili: goshini ni upande unaokabili upepo, demani ni upande uliokingwa nao. Mimi nililima demani nikitegemea mvua ya goshini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla hujanunua mbegu, jua shamba lako liko goshini au demani. Simama shambani, tafuta mashariki, kisha uangalie kuna nini kati yako na bahari.

La pili ni neno "wastani". Limewaumiza wengi kuliko ukame wenyewe. Wastani unaotajwa kwenye utabiri ni wa mahali husika, uliopatikana kwa kupima miaka mingi. Same mjini hupata milimita zipatazo 500 hadi 600 kwa mwaka mzima, nazo zimegawanyika kati ya vuli na masika. Bukoba hupata karibu milimita 2000. Bukoba ikipata mvua chini ya wastani, bado itakuwa imenyeshewa kuliko Same iliyopata juu ya wastani. Mahindi hayajui wastani, yanajua milimita. Siku hizi nikisikia "juu ya wastani" nauliza, juu ya wastani wa kiasi gani? Afisa ugani mwenye takwimu za wilaya anaweza kukujibu, na hata hapo mkumbushe kwamba wilaya moja ya Same ina milima yenye tangawizi na migomba, na ina tambarare ambako hata mtama hujikaza.

Wengi sasa mnatazama simu, nami natazama. Ila jueni jinsi ile picha ya wingu inavyopatikana. Kompyuta za utabiri wa dunia huigawa ardhi katika miraba, mingi ikiwa na upana wa kilomita 9 hadi 25, na kila mraba hupewa mwinuko mmoja wa wastani. Mlima mwembamba ukiingia kwenye mraba huo hugeuka kuwa kilima cha kawaida. Kutoka Same mjini, mita zipatazo 860 juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2400, joto hupungua takriban nyuzi 10, kwa sababu kila mita 1000 unazopanda hupunguza wastani wa nyuzi 6.5. Simu inaweza kuwapa watu wa juu na wa chini joto moja. Kwa hiyo linganisha mwinuko wa mraba na mwinuko wako, kama programu yako inauonyesha, na utoe hesabu mwenyewe.

Si milima peke yake inayofanya hivi. Kabla ya kuja Same nilifundisha Bukoba, na kilichonishangaza huko ni mvua za alfajiri. Usiku nchi kavu hupoa upesi, Ziwa Victoria hubaki na joto lake. Upepo hutoka nchi kavu pande zote kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji na kuinua mawingu ya radi. Kisha upepo mkuu wa mashariki huyasukuma kuja magharibi, ndiyo maana Bukoba huloa wakati Musoma, ng'ambo ya ziwa hilohilo, hupata chini ya nusu yake. Wavuvi wa dagaa huwa majini saa hizohizo. Nikiwa na ndugu anayevua, namsihi asiridhike na utabiri wa mchana wa mjini kwao. Aulize habari ya usiku, ya ziwani.

Hapa niseme neno kwa wanafunzi, maana kila mwaka hunijia wanaotaka kuwa watabiri wa hali ya hewa huku wakiiona Jiografia kama somo la kujazia. Ni kweli kwamba fizikia na hisabati ndizo zinazoendesha mahesabu ya anga, na bila hizo hutafika Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa Kigoma wala shahada ya fani hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini mchepuo wa PGM, yaani Fizikia, Jiografia na Hisabati, una ile G katikati kwa sababu ya maana. Mtu akijua milinganyo yote na hawezi kusoma kontua, ile mistari ya mwinuko kwenye ramani, atashindwa kueleza kwa nini vijiji viwili vinavyoonana kwa macho vina misimu tofauti.

Turudi kwenye korongo. Masika iliyofuata niliamka usiku kwa mngurumo. Mbingu ilikuwa na nyota. Korongo lililokuwa mchanga mtupu jioni lilikuwa limejaa maji ya kahawia yanayobeba matawi, na yule mzee alikuwa tayari kule na jembe, anafungua mfereji kuyaingiza kwenye shamba lake. Sisi wa tambarare ya magharibi mvua yetu haitoki juu ya vichwa vyetu. Inanyesha mlimani, inatufikia kwa miguu. Wapare walilijua hili zamani, wakajenga ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya mlimani na kuyagawa kwa zamu kwenye mifereji. Ile ni sayansi ya hali ya hewa na ya ardhi imeshikwa kwa mkono mmoja, na inaniuma kuona ndiva zikijaa tope bila kuzibuliwa.

Tangu hapo sehemu ya shamba inayofikiwa na maji ya korongo napanda mahindi ya muda mfupi, na iliyobaki naipanda mtama na choroko. Pia napima mvua yangu kwa kopo lenye kuta zilizonyooka, naandika kila asubuhi saa tatu. Milimita 1 ni lita 1 kwenye kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 20 kwenye bati la mita za mraba 50 ni lita 1000. Ukishaona hesabu hiyo utatafuta tangi.

Maji hayohayo huua. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufukia sehemu za Katesh, mji ulio chini yake, na watu wengi walipoteza maisha. Ukiishi miguuni mwa mlima, usipime hatari kwa mbingu iliyo juu ya paa lako.

Mwalimu mwenzangu anafundisha shule moja huko juu. Tumekubaliana kwamba mvua ikikolea upande wake ananipigia, hata iwe usiku. Nikipata simu hiyo nachukua jembe kwenda kufungua mfereji, lakini kwanza napita kwa majirani wenye watoto wanaovuka korongo kwenda shule, nawaambia kesho wazungukie darajani.