Wagonjwa wa mshtuko wa moyo wameongezeka, au kipimo ndicho kilichobadilika?

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, mkazi wa Kigamboni. Mjukuu wangu alinionyesha mchoro wa takwimu za nchi moja ya Ulaya ambako, baada ya mwaka 2000, waliopata mshtuko wa moyo waliongezeka ghafla, ilhali asilimia ya waliofariki miongoni mwao ilishuka. Ugonjwa unawezaje kuenea na kupungua makali kwa wakati mmoja?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Mchoro huo unaweza kuwa sahihi katika kila tarakimu na bado ukampotosha anayeusoma, kwa kuwa mwaka 2000 ndipo vyama vya madaktari wa moyo vya Ulaya na Marekani vilipobadilisha maana yenyewe ya mshtuko wa moyo. Kabla ya hapo, kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mgonjwa alihesabiwa akiwa na mambo mawili kati ya matatu: maumivu ya kifua yanayoeleweka, mabadiliko katika kipimo cha umeme wa moyo, na kupanda kwa vimeng'enya katika damu. Vimeng'enya hivyo hutoka pia kwenye misuli mingine ya mwili, na jeraha dogo la moyo lilikuwa rahisi kupita bila kuonekana. Tangu mwaka 2000, troponini, protini ambayo aina zake zinazopimwa ni za misuli ya moyo, imekuwa ndiyo msingi wa utambuzi, nayo hugundua hata jeraha dogo sana.

Kwa kuwa umefundisha hisabati, tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme wagonjwa 300 wamefika na maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Kwa kipimo cha zamani, 100 wana mshtuko na 20 kati yao wanafariki, yaani asilimia 20. Waliobaki 200 wanaambiwa hawana mshtuko, na wanne wanafariki, yaani asilimia 2. Kipimo kipya kinawahamisha 50 kutoka kundi la pili, wenye jeraha dogo, ambao wawili kati yao ni miongoni mwa wale wanne. Sasa wenye mshtuko ni 150 na waliofariki ni 22, chini ya asilimia 15. Kundi la pili lina watu 150 na vifo viwili, asilimia 1.3. Makundi yote mawili yanaonekana kupata nafuu, lakini marehemu bado ni 24, na hakuna hata mmoja aliyeokolewa na mabadiliko hayo ya majina. Jambo hili hunisumbua kila ninapoona kushuka kwa namna hii kukitangazwa kuwa ushindi wa tiba pekee.

Sisemi kwamba tiba haikusonga mbele. Aspirini, dawa za kuyeyusha damu iliyoganda na uzibuaji wa mishipa ya moyo vimeokoa watu wengi. Ili kupima mchango wao, watafiti makini huwahesabu wagonjwa wale wale kwa vigezo vya zamani na vipya, au huangalia vifo vyote vya ugonjwa wa moyo kwa kila watu 100,000, au hufuatilia ile aina ya mshtuko inayoonekana wazi kwenye kipimo cha umeme, ambayo haikuguswa sana na ujio wa troponini.

Hapa Dar es Salaam tahadhari hiyo inatuhusu pia. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015, na huduma za kibingwa zinaposogea karibu, wanaogundulika huongezeka hata kama ugonjwa mtaani haujabadilika.

Mwambie mjukuu wako atazame umbo la mstari. Mishipa ya moyo huziba taratibu kwa miaka mingi, kwa hiyo mstari unaoruka ndani ya mwaka mmoja unamtaka aulize kwanza ni kipimo gani kilichoanza kutumika mwaka huo.