Bi Mkubwa Anajibu: Nani waliijenga Rabai?

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Binti yangu amepewa kazi na mwalimu wake, aandike habari za watu walioijenga Kaunti ya Kilifi, na yeye kachagua Rabai, kwa babake. Kaandika wamisionari Krapf na Rebmann, basi kakwama. Sisi ni Wamisheni, yaani wazao wa watu wa misheni, jina letu la ukoo ni la Kizungu, na mama mkwe nikimwuliza asili yao hugeuza mazungumzo. Amwandike nani mwingine?
Mama Wawili, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao wawili asiwafute, ila wasimmalizie karatasi yote. Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine pamoja na kitoto chao kichanga. Mwaka 1846 wazee wa Rabai walimpokea yeye na Rebmann, na kufikia 1853 alishaondoka. Aliyekaa ni Rebmann, mpaka 1875, akarudi kwao Ujerumani macho hayaoni tena. Na huo mlima wa theluji aliouona 1848, Kilimanjaro, aliyemwongoza njia ni Bwana Kheri, Mwislamu wa hapahapa Mombasa. Vitabu vya shule humpita kama matatu inavyokipita kituo kisicho na abiria.

Lakini ningekuwa mimi ndiye mwenye kusahihisha, alama zote ningempa atakayeniandikia William Jones. Huyu alikuwa Myao, akakamatwa mtoto, akauzwa, akaokolewa baharini na manowari za Waingereza, akapelekwa India kusomeshwa kule Nasik. Mwaka 1864 akaletwa Rabai pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Fikiria: mtu aliyeondoka Afrika akiwa mtumwa anarudi akijua kusoma na kuandika, anapanda kilima cha Rabai kuanza maisha kwa watu wasiomjua.

Mwaka 1885 askofu Hannington alimchukua Jones katika safari ya Uganda. Walipofika pande za Mumias, askofu akatangulia na watu wapata hamsini, Jones akabaki na msafara. Askofu akauawa Busoga. Jones akangoja, habari zilipothibitika akawageuza waliosalia na kuwarudisha pwani. Walipoingia Rabai mwanzoni mwa 1886 walikuwa wamechoka, nguo zimewararukia, na mbele wamebeba kibendera cha rangi ya buluu chenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Anayesoma Biblia atalikumbuka, ni jina la mtoto aliyezaliwa siku sanduku la agano lilipotekwa. Hilo binti yako alichore, mwalimu atalipenda.

Sasa tuje kwa mama mkwe. Miaka hiyo Rabai ilikuwa imejaa watoro, watu waliokimbia mashamba ya mabwana zao, wengi wakiwa Wayao, Wanyasa na Wamakua. Jones na wenzake waliwapokea, wakalima, wakajenga, wakaoana na wenyeji. Wenye watumwa nao, Waarabu kwa Waswahili, wakaja juu wakidai mali yao. Ndiyo, mali, ndivyo walivyosema wazee wetu wa Mji wa Kale, tusijifiche nyuma ya milango ya nakshi. Mwaka 1888 mambo yakawa ya kushika silaha. Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Imperial British East Africa, ndiyo kwanza anashuka Mombasa. Akaona heri alipe. Mabwana wakapewa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wapata 1,400 wakagawiwa hati za uhuru palepale Rabai. Mimi simpigii Mackenzie vigelegele: kampuni haifanyi biashara palipo na vita. Na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria pwani hii hadi 1907.

Sisemi kila Mmisheni wa Rabai ni mjukuu wa mtoro, wapo Warabai asilia waliobatizwa. Ila mama mkwe asiulizwe "mlikuwa watumwa?" Hilo hata mimi ningegeuza mazungumzo. Mpelekee chai, umwulize babu yake alibatizwa na nani, shamba lao lilipakana na la nani, na bibi yake alipokasirika alitukana kwa lugha gani. La mwisho ndilo hufungua midomo.

Jumamosi mpeleke mtoto. Pandeni matatu ya Mazeras, hapo mchukue bodaboda. Nyumba za Krapf na Rebmann bado zimesimama, karibu na kanisa la Mtakatifu Paulo lililojengwa 1887, na makumbusho yapo hapohapo.

SWALI: Bi Mkubwa, nimebishana na mume wangu. Anasema Mekatilili, yule mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, kutoroka kifungoni na kurudi Giriama ni hadithi tu. Kweli?
Mbishi wa Likoni

JIBU: Mume kashindwa. Alikamatwa Oktoba 1913 kwa kuwaapisha Wagiriama wasiwafanyie Waingereza kazi, akahamishiwa magharibi ya nchi pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi hadi kwao. Akakamatwa tena mwaka huohuo, na serikali ikailipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, kwa baruti. Kaburi lake liko Bungale, Magarini. Kama mliwekeana dau, mdai.