Kwa unayeanza yoga: chagua machache, yarudie, ujitazame

Wengi wanaoingia yoga hapa Kampala wanaletwa na mgongo. Mchana kutwa kwenye kiti cha ofisi, jioni ndani ya taksi kwenye jamu ya Jinja Road, magoti yamebanwa na kiti cha mbele; ikifika Ijumaa mtu hawezi kuinama akafunga kamba za viatu. Ni sababu nzuri ya kuanza, na mgongo kweli hupata nafuu. Lakini ukija kwa ajili ya mgongo peke yake, siku ukipona utaacha, kama wagonjwa wengi wanavyoacha dozi homa ikishuka. Wanaodumu ni wale waliogundua kwamba pale juu ya mkeka wanajiona jinsi walivyo, na kwamba hilo halipatikani kwingine kwa urahisi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Jumamosi humsaidia mwalimu wetu wa yoga kupokea wageni, na haya ndiyo ninayowaambia tukishamaliza, maana wakati wa mazoezi hatuongei sana.

Chagua saa kabla ya kuchagua mikao. Hapo sisi tumebahatika, kwa kuwa Kampala iko karibu mno na ikweta: jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, mwaka mzima. Mtu wa London mwezi wa Juni hupambazukiwa kabla ya saa kumi na moja, na Desemba husubiri jua hadi saa mbili imepita. Wewe ukiamka na adhana ya alfajiri kutoka mlima wa Old Kampala, saa yako haibadiliki sana, iwe Januari au Oktoba. Nyumba bado imetulia, watoto hawajadai chai, simu haijaanza kulia. Jioni pia inafaa kwa anayeweza, ila jioni ya Kampala haina ahadi. Jamu moja tu na mazoezi yameliwa.

Kisha mikao. Chukua michache na usiibadilishe kwa muda mrefu. Intaneti itakuletea mazoezi mapya kila siku, leo ya nyonga, kesho ya mabega, keshokutwa ya kusimama kwa kichwa, na mwisho wa mwezi utakuwa umetoka jasho bila kujifunza chochote juu yako, kwa sababu hukuwa na kipimo. Ukirudia mikao ileile kwa mpangilio uleule, kinachobadilika ni wewe. Jumatatu mguu wa kulia unatetemeka, Alhamisi umetulia. Leo pumzi inakatika katika mkao ambao jana ulikuwa wa kupumzikia. Kwa nini? Ulilala saa ngapi? Uligombana na nani? Ndiyo hapo mazoezi yanapoanza kuwa kujichunguza.

K. Pattabhi Jois, aliyefundisha yoga huko Mysore, kusini mwa India, karibu hadi alipofariki mwaka 2009, aliwarudisha wanafunzi wake kwenye mfululizo uleule kila siku, akiwaongezea mkao mmoja mmoja kadiri alivyoona wako tayari. Mtindo wake ni mkali kupita kiasi kwa mwili wangu, na simshauri mgeni aanzie huko. Busara ya kurudia, hata hivyo, ichukue.

Ukitaka nikuchagulie: kusimama wima ukisikia uzito umegawanyika sawa kwenye nyayo mbili, kuinama mbele, ule wa kuinua nyonga juu, viganja na nyayo vikiwa chini, ambao karibu kila mwalimu anauita wa mbwa, mmoja wa kusimama umetanua miguu na kukunja goti la mbele, kuchuchumaa, kujipinda ukiwa umeketi, na mwisho kulala chali bila kufanya lolote. Hiyo inakutosha kwa miezi mingi. Ule wa mwisho ndio watu huuruka wakiwahi kazini, na kwa maoni yangu ni bora uruke mwingine wowote.

Usije ukadhani mwili wako umeanza sifuri. Mtazame mama anayepalilia maharage au anayefua kwenye beseni: miguu karibu imenyooka, mgongo umenyooka, amejikunja kwenye nyonga. Kuinama kwa yoga kunataka hivyohivyo, na mgeni aliyekulia shambani upande wa Mbale au Arua hupata siku ya kwanza, huku sisi tuliokulia madawatini tukipinda mgongo na kuuita kuinama. Kuchuchumaa pia. Shangazi zetu wanakaa hivyo wakiosha masufuria, visigino chini, wakipiga soga. Wewe ukishindwa, kunja blanketi uweke chini ya visigino, usione haya.

Vifaa havinisumbui sana. Sakafu ya saruji inataka mkeka wa raba au blanketi lililokunjwa. Godoro la sponji halifai kwa sababu viganja vinazama na vifundo vya mikono vinaumia. Nguo za kunyumbulika zimejaa sokoni Owino. Na usije umetoka kula roleksi: chapati na mayai vinataka saa mbili tatu kabla hujajikunja.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Matini inayotajwa kuliko zote katika yoga, Sutra za Patanjali, mhenga wa kale wa India, ina mafungu mafupi 196, na kati ya hayo ni matatu tu yanayozungumzia mikao. Mengi ya yaliyobaki yanahusu akili: jinsi inavyorukaruka, jinsi ya kuituliza, jinsi mtu anavyojidanganya. Na pale inapogusa mkao, inataka uwe imara na uwe wa raha, yote mawili kwa pamoja. Lijaribu hilo kesho asubuhi. Utaona una moja, huna la pili: ama umeshikilia kwa nguvu huku meno yamebanana, ama umestarehe kwa sababu umelegeza kila kitu na mkao haupo tena. Lipi kati ya hayo ndiyo kawaida yako? Usijibu haraka. Jibu huonekana kwenye taya na kwenye pumzi kabla halijafika mdomoni.

Kuna kijana wa bodaboda kwenye kundi letu ambaye alikuwa anatoka kwenye kila mkao kabla ya kuambiwa. Hakuchoka, ana nguvu kutushinda wote. Hakuweza tu kungoja. Hakuna aliyemsema. Baada ya muda alituambia mwenyewe, huku anacheka, kwamba hata kwenye taa za barabarani anaondoka zikiwa bado nyekundu, na hata mkewe hajawahi kumaliza sentensi mbele yake. Dada mmoja, mkuu wa idara serikalini, ana shida nyingine kabisa: macho yake hukaa kwenye mkeka wa jirani. Jirani akifika chini, naye anajilazimisha kufika chini, na goti linamlipisha. Yoga haikuwafundisha tabia hizo, walikuja nazo. Lakini ofisini na barabarani kila tabia ina kisingizio, jamu, bosi, wateja, na juu ya mkeka hakuna wa kumsingizia. Ndiyo maana ninasisitiza kubaki ndani ya mkao pumzi tano kamili, hata ule mwepesi. Katika pumzi ya tatu hivi, akili hutafuta mlango wa kutokea. Tazama inakimbilia wapi.

Kuhusu pumzi, usitafute maajabu. Keti, vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, bila kuibana popote. Kutoa hewa polepole kuliko unavyoivuta hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, na utalisikia hilo ndani ya dakika chache. Mazoezi ya kupumua kwa kasi na ya kushikilia pumzi waachie wenye mwalimu wa karibu. Mwenye presha ya kupanda na mjamzito wasiyaguse. Kusimama kwa kichwa nako kusubiri. Mwenye presha ya macho au tatizo la shingo asahau kabisa.

Weka daftari. Mistari miwili baada ya mazoezi: mwili ulisemaje, pumzi ilikuwaje, na nini kilikuwa moyoni. Usijipe alama. Mimi kazi yangu ni kutoa alama kutwa nzima, kwa hiyo najua zinavyoharibu: mwanafunzi akiona sita juu ya kumi hasomi tena maoni yaliyo chini. Andika ulichoona, “goti la kushoto halitaki, nina hasira na kaka”, basi. Mwezi ukiisha soma yote kwa mara moja. Wengine hukuta hasira zinarudi kila karibu na mshahara, wengine kila wakitoka kuzungumza na mtu fulani. Kujisoma kwa namna hii ni sehemu ya yoga tangu zamani: miongoni mwa nidhamu ambazo Patanjali anazitaja kama mazoezi ya mtu na nafsi yake, mojawapo ni kujifunza nafsi. Na nidhamu ya kwanza kabisa anayoitaja ni kutodhuru, ambayo mimi huianzia kwenye goti la mwenyewe.

Hapa Uganda swali la dini haliepukiki. Atakuja shemeji mlokole akuulize kama umeanza kuabudu mashetani, au jirani wa msikitini akutazame kwa jicho la pembeni. Usiwadanganye kwa kusema yoga haina uhusiano wowote na dini. Imekua India katikati ya Wahindu, Wabudha na Wajaini, na katika madarasa mengine utasikia “om”, silabi yao takatifu, ikiimbwa. Lakini unaweza kubaki kimya, ukaomba dua yako au sala yako katika ule utulivu wa mwisho. Mwambie mwalimu kabla ya kipindi. Mwenye busara hatakulazimisha, na anayekulazimisha mwache. Anayetaka kuketi kimya bila maswali ya mtu, Kikaaya, hapahapa Kampala, kuna hekalu la Wabahai, wafuasi wa dini ya Kibahai, lililofunguliwa mwaka 1961, la kwanza Afrika, na bustani zake hupokea watu wa dini zote. Wanaopenda shamrashamra nao wana tarehe 21 Juni, siku ya yoga duniani tangu 2015. Nenda ufurahi na upige picha, ila usiupime mwili wako kwa picha hizo.

Mwisho, utakatiza. Mvua za Aprili zitakulaza, mtoto ataugua, utaitwa kijijini kwenye mazishi ulale kwenye mkeka uliojaa ndugu. Huko fanya pumzi tu, umeketi, hakuna atakayejua. Ukirudi mjini, usijaribu kulipa siku zilizopotea kwa kuongeza muda. Siku ya kwanza simama, inama, lala chali. Ya pili ongeza kuchuchumaa na ule wa mbwa. Mfululizo mzima ungoje hadi wiki inayofuata, na kwenye daftari andika tarehe uliyorudi, usiandike sababu ya kutokuwepo.